Gia Ilikuwa Kwenye P

Oili ya giaboksi ikiwa na afya huwa nyekundu, nyekundu ya sharubati, na ukiidondosha kwenye kitambaa cheupe inaacha doa unaloweza kulitazama bila hofu. Ile iliyotoka kwenye gari la mdogo wangu ilishuka nyeusi. Ilijaa kwenye karai taratibu, ikinuka kama mkate uliosahauliwa jikoni, na mafundi waliokuwa wakibishana habari za mpira upande wa pili wa gereji wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenisogelea. Walijua gari ni la nani. Walijua pia kwa nini bampa la nyuma lilikuwa limeoshwa kuliko sehemu nyingine zote za gari lile.

Nilichovya kidole, nikasugua. Ndani ya oili mlikuwa na unga laini mweusi, unga wa klachi zilizoungua. Gari la mteja likitoa unga huo, kazi yangu imekwisha nusu: namwita mwenyewe, namwonyesha, tunapatana.

"Umeshapata," alisema mtu nyuma yangu.

Alikuwa fundi umeme wetu, tuliyemwita Shoti. Jina lilimkaa kwa kila upande: alikuwa mfupi, kazi yake ni nyaya, na hakukawia kuwaka. Siku hiyo aliongea kwa upole nisiouzoea.

"Giaboksi imeungua," alisema. "Kamwambie mama gari lilikuwa bovu. Basi, kila mtu akapumzike."

Nilitamani sana kumsikiliza. Ilikuwa kauli fupi, ya kweli, na isiyomgusa mtu.

"Klachi zikiungua gari linakataa kwenda," nikamwambia. "Haliendi lenyewe bila kuambiwa."

Akakuna shingo, akatazama karai, akarudi kwenye nyaya zake.

Mdogo wangu alikuwa mtafuta maji. Alitangulia mbele ya wachimba visima, akapima ardhi, akawaambia wachimbe wapi. Kazi hiyo ilimpeleka kusiko na barabara, na kwa ajili yake alikuwa na gari la porini, la otomatiki, kuukuu, limeinuka juu kama meza, lenye gia ndogo ya pili ya kuamuru magurudumu yote manne. Alilisema vibaya mbele za watu na kulisifia akiwa peke yake nalo.

Ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yetu, na mwanamume pekee. Tangu utotoni mikono yake haikutulia. Mpini wa sufuria ukikatika, bawaba ya kabati ikichomoka, redio ikipoteza kifuniko, alitafuta waya na kipande cha mpira, akafunga, na kitu kikaendelea na maisha yake. Mama aliwaonyesha wageni. Mimi nilisomea ufundi, nimefungua giaboksi za kila aina mpaka vidole vyangu havitakati tena kwa sabuni yoyote, lakini nyumbani kwetu fundi alikuwa yeye. Sikumwonea wivu. Au nilimwonea kidogo, ule wivu wa dada mkubwa ambao chakula kikishaiva unakuwa umekwisha.

Asubuhi ya ajali alikuwa akimpeleka mkewe kazini, kwenye karakana ya kushona sare. Alilitoa gari nje ya lango, akalisimamisha, akaweka gia kwenye P, herufi ya kuegesha, akashuka injini ikiunguruma ili arudi kufunga. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu wahamie pale. Mkewe alibaki kwenye kiti cha abiria, akihangaika na mkanda. Mdogo wangu alikuwa amesimama kati ya gari na lango, ameinamia komeo, gari lilipoanza kurudi nyuma. Halikurudi kwa kasi. Wote walioona walisema hivyo, kana kwamba ni faraja. Lilirudi polepole, kama mtu anayejiweka sawa kitini, likambana kwenye nguzo ya lango, na likaendelea kusukuma.

Aliyeona zaidi ya wote ni mshona viatu wa ng'ambo ya barabara. Hakuwa mtu wa chuki wala wa maneno mengi. Alisema alichokiona: alisikia lango likilia, akainua kichwa, akamwona mke wa jirani yake ameinama upande wa dereva, mikono yote miwili juu ya gia.

Maneno hayo yalifika msibani kabla ya maiti. Yalikaa na waombolezaji kwenye viti vya kukodi, yakanywa nao chai. Siku ya maziko mjomba wetu, kaka yake mama, alisema, "Gari halijiendeshi." Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, lakini mjomba ni mtu ambaye watu huacha kutafuna ili wamsikie. Tangu hapo kiti cha pembeni mwa wifi yangu kilibaki kitupu. Waliokuja kumpa mkono walimpa ncha za vidole.

Yeye alikuwa na jibu moja: "Gia ilikuwa kwenye P." Polisi walimuuliza, akawajibu hivyo, wakapima hiki na kile, wakasema ni ajali ya nyumbani, wakaturudishia gari. Jamaa walimuuliza, akawajibu vilevile, bila kupandisha sauti, bila kuongeza. Mama hakumuuliza.

Mimi mama aliniita chumbani. Alikuwa anakunja mashati ya mwanawe na kuyakunjua, anayakunja tena.

"Wewe si ndiye unayefungua giaboksi?"

"Ndiyo, mama."

"Lifungue hilo gari. Uniambie lilikuwa zima."

Hakutaka nimwambie kama gari lilikuwa zima au bovu. Alitaka nimwambie lilikuwa zima. Mwanawe ameondoka, na mtu wa kumwekea lawama alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha pembeni. Kilichobaki ni muhuri wa fundi.

Nilianza na mambo mepesi. Niliingia kwenye gari, nikashika gia, nikaipeleka huku na huku. Ilikuwa imara mkononi, inaita kwa mlio mdogo kila ikipita herufi: P, R, N, D. Nikatazama ile gia ndogo ya porini. Ikiachwa nyutro, hata P haizuii kitu, gari linabiringika linavyotaka. Ilikuwa mahali pake. Hata hivyo, mbele ya lango la mdogo wangu ni tambarare kama sakafu, na gari linalobiringika likikutana na kitu husimama. Lile lilisukuma. Injini ndiyo iliyokuwa ikilisukuma. Nilikuwa nimeshalijua hilo tangu msibani, nikalimeza.

Hendibreki haikuvutwa. Madereva wengi wa porini hawaivuti, tope huingia ndani yake, likikauka inang'ang'ania. P iliwatosha.

Ndipo nikaifungua giaboksi kwa nyuma, panapokaa kile kinachoifanya P iwe P. Si uchawi. Ni ulimi mmoja wa chuma, kama wa komeo, unaoangukia kwenye gurudumu lenye meno na kulikamata. Nilikuwa nimeomba niukute umekatika. Niliwaza jinsi nitakavyoufunga kwenye kitambaa, nimpelekee mama, nimwambie tazama, ni chuma hiki, hakuna mtu hapa. Nikautoa, nikaupangusa, nikaupeleka kwenye mwanga. Ulikuwa mzima. Meno ya gurudumu yalikuwa mazima. Hapakuwa hata na mkwaruzo, ile michubuko inayobaki chuma kinapolazimishwa kuachia. Maana yake ilikuwa moja. Komeo halikuvunjwa. Asubuhi ile lilikuwa halijafungwa.

Nilikaa sakafuni, ulimi ule umelala kiganjani mwangu, ukiwa na uzito wa yai. Kama gari halikuwa kwenye P, basi kuna mkono ulioitoa. Kwa muda niliokaa pale niliamini kwamba wifi yangu ndiye aliyemuua mdogo wangu. Sikusikia hasira. Nilisikia baridi, na kitu kingine kibaya zaidi, kitu kama unafuu, kwamba sasa naweza kwenda kumwambia mama neno alilolitaka.

Nilijikaza kisabuni, nikaenda kwake kwanza.

Nyumba yao ilikuwa imepungua. Jamaa walikuja kuchukua kumbukumbu, walisema, na kumbukumbu zilikuwa ni pamoja na kabati la vyombo na kiti kirefu. Wifi alikuwa amekaa kwenye godoro, mgongo ukutani, anapasua mshono wa gauni fulani kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine. Nilivijua vidole vyake kabla ya kumjua yeye. Siku mdogo wangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, aliona pindo la sketi yangu limefumuka, akaomba sindano kabla hajaomba maji.

Alinisogezea mto nikae.

"Nisimulie tena, wifi," nilisema.

"Gia ilikuwa kwenye P."

"Kabla ya hapo. Gari lilikuwaje siku hizi?"

Wembe ukasimama. "Lilikuwa linachelewa. Akiweka gia linatulia, kama linafikiria. Halafu linashtuka ndipo linakwenda."

Hilo lilikuwa la klachi. Nililijua. "Kuwaka je?"

"Kuwaka lilikuwa linadeka. Gia iko kwenye P, anawasha, kimya. Mpaka aichezeshe. Aivute, airudishe, aiguseguse, ndipo linawaka."

Nikaweka mkono wangu juu ya goti lake bila kukusudia. Gari la otomatiki haliwaki mpaka giaboksi yenyewe, kule chini, iwe imesimama kwenye P au kwenye N. Gia unayoishika inaweza kusema P ikapendeza. Giaboksi haisikilizi maneno. Kama gari lilikataa kuwaka, basi kule chini hapakuwa P.

"Mshona viatu amekuona umeshika gia."

"Niliishika." Aliongea akitazama gauni. "Gari lilipoanza kwenda nilidhani nimeona vibaya. Nikaishika nikaisukuma irudi kwenye P, na ilikuwa ipo huko huko. Nikaisukuma tena. Nilikuwa namsikia, wifi. Nikaisukuma tena. Mimi sijui kuendesha. Ufunguo niliukumbuka baadaye."

Uzi ulikatika mkononi mwake.

"Baadaye kidogo," alisema.

Niliinuka. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Lifunge hilo gari. Waambie giaboksi ilikufa. Au usiwaambie kitu. Mimi nimeshazoea."

Nilitoka nikishangaa. Katika ukoo mzima mtu mmoja tu ndiye aliyehitaji ukweli wa gari lile, na yeye ndiye aliyeniomba niuache.

Kesho yake nilirudisha kila kitu mahali pake. Ulimi, kifuniko, bakuli la oili. Nikajaza oili mpya, nyekundu. Shoti akanisaidia kuinua sehemu ya nyuma juu ya stendi, magurudumu yakaning'inia hewani, na mafundi wengine wakaacha kazi zao bila kuambiwa. Niliingia nikaweka gia kwenye P, nikawasha. Kimya. Nikaichezesha kama alivyosema wifi, ikawaka. Nikakanyaga breki, nikaipitisha kwenye R, kwenye D, nikairudisha mpaka P kama anavyofanya dereva yeyote aliyefika. Nikaondoa mguu. Nikashuka.

Magurudumu yalikuwa yametulia. Injini ilikuwa ikiunguruma kwa sauti ya chini, ya kuridhika.

"Limetulia kama mai—" alisema Shoti, akauma neno.

Tukangoja. Feni ya rejeta ikajiwasha, gari likatikisika kidogo kama linavyotikisika gari lolote la umri ule. Likatulia tena. Lilitulia kwa muda wa mtu kushuka kitini, kuzunguka, na kufika langoni bila haraka. Halafu kitu kikashtuka kule ndani, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka. Yalizunguka kurudi nyuma, polepole, hewani, bila kukutana na kitu.

Nilitazama ndani kupitia mlango ulio wazi. Gia ilikuwa kwenye P.

Shoti alivua kofia yake, akaishika kifuani. Mimi niliingiza mkono nikageuza ufunguo, na magurudumu yakaendelea kidogo, yakasimama.

Kutoka kwenye gia unayoishika ndani ya gari hushuka kebo, ikapita juu ya chasisi mpaka ubavuni mwa giaboksi, ikashika kipande cha chuma kama kidole kilichokunjwa. Unachosema juu, kebo inakifikisha chini. Pale inaposhika pana bushi, plastiki isiyozidi kifungo cha koti. Sehemu hiyo kwenye gari la mdogo wangu ilikuwa imezikwa na tope kavu la safari zake zote. Nililala chali chini ya gari nikalibandua kwa brashi, vipande vikinidondokea machoni.

Bushi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ukanda wa mpira wa tyubu uliozungushwa, na juu yake waya, waya wa uzio, umefungwa ukakazwa kwa koleo. Mkia wake ulikuwa umekunjwa na kurudishwa ndani ili usimchome mtu. Mdogo wangu alikuwa mwangalifu sana na vidole vya watu.

Mpira ulikuwa umelowa oili, umelegea kama ngozi ya tunda lililooza. Waya ukabaki unacheza. Kwa hiyo gia ya juu ilifika P, ikaita vizuri, na ile ya chini ikaishia njiani, kizingitini, kati ya P na R, ikingoja kutikiswa. Giaboksi nzima ingekamata rivasi papo hapo, mguu wa mdogo wangu ukiwa bado kwenye breki. Angelisikia gari likimvuta, angejua. Yake ilikuwa mgonjwa. Ilivuta pumzi kwanza. Ilimpa muda wa kushuka.

Nililala pale chini mpaka Shoti akaninong'oneza jina langu la nyumbani, ambalo sikujua kama analijua.

"Najua," alisema wifi nilipomweleza.

Safari hii alikuwa amesimama dirishani. Aliniambia bila mimi kumhimiza. Walikuwa wametoka pamoja kuangalia kisima, siku ya mapumziko, wakipitia njia yenye mawe. Katikati ya njia gia ikalegea mkononi mwa mumewe ikawa kama kijiko ndani ya uji. Aliipeleka kokote, gari halikusikia. Akashuka, akaingia chini ya gari akiwa na shati lake zuri, akatoka akicheka. Bushi imekufa, alisema, kitu kidogo. Akakata waya kwenye uzio ulioachwa. Mpira alikuwa nao siku zote.

"Koleo nilimpa mimi," alisema wifi. "Alinyoosha mkono kutoka chini, nikamwekea. Akaniambia ni ya kutufikisha nyumbani tu. Tulipofika nyumbani lilikuwa linakwenda vizuri. Halafu siku zikapita."

"Kwa nini hakuniletea? Ni kazi ya muda wa kikombe kimoja cha chai."

"Alisema utampigia kelele." Alitabasamu kidogo, na tabasamu lile liliniuma kuliko machozi. "Alisema, usimwambie dada, ataniita fundi waya mbele ya wenzake."

Ningemwita hivyo kweli. Tungecheka.

"Kwa nini hukusema? Umeitwa muuaji mbele ya watu wote."

"Ningemwambia nani? Mama?" Aligeuka akanitazama. "Mama yako anaishi ndani ya mikono ya mwanawe. Hebu tazama nyumba yake. Anachopikia, anachofungulia, anachosikilizia, kila kitu kimefungwa na yeye. Ukimwambia ni waya, atakaa vipi kwenye nyumba ile? Acha anichukie mimi. Mimi nina kwetu, nitaondoka. Yeye ataondoka kwenda wapi?"

Nilimwambia nitasema. Nilimwambia siwezi kumwachia mtu asiye na hatia mzigo kama huo, kwamba damu ya ndugu yangu hainipi ruhusa. Niliongea vizuri. Yeye alingoja nimalize.

"Sema basi," alisema. "Lakini usiseme ni kwa ajili yangu."

Mama alinipokea mchana, sebuleni, mjomba akiwa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilieleza kama ninavyomweleza mteja, kwa maneno mafupi, mikono yangu ikionyesha: gia hapa, kebo hapa, giaboksi pale. Nilieleza juu ya magurudumu yaliyozunguka hewani. Mjomba aliinamisha kichwa. Nilipofika kwenye waya nilifungua kitambaa nikauweka mapajani mwa mama, maana niliona hakuna maneno ya kulizunguka jambo lile.

Aliuchukua. Hakuuliza ni nini. Aliupitisha kidole taratibu mpaka penye mkia, pale ulipokunjwa ndani, akapagusa mara kadhaa.

"Ameufunga vizuri," alisema.

"Ndiyo, mama. Mpira ndio uliolegea."

"Kwa hiyo unaniambia amejiua."

"Sisemi hivyo. Nasema wifi hakufanya kitu. Gia ilikuwa kwenye P, kama alivyosema."

Mjomba akakohoa. "Kama ni hivyo, basi, dada, yule mtoto wa watu tumwite. Tumkalishe, tumwombe radhi."

"Hakuna wa kuitwa," alisema mama. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa makavu, yametulia, kana kwamba hatimaye yameona mahali pa kutua. "Mwanangu alikuwa na dada fundi. Fundi wa giaboksi. Akafunga gari lake kwa waya wa uzio. Kwa nini hakukuletea wewe?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimepewa siku ileile. Nilimtazama mama, nikaona kwamba nikimwambia mwanawe aliogopa kelele zangu atakuwa amepata anachokitafuta, na nisipomwambia atakitafuta mpaka kaburini. Nilinyamaza. Alikichukua kimya changu kama jibu. Akaufunga waya kwenye pindo la nguo yake, akainuka, akaenda chumbani.

Wifi alikuwa amesema kweli. Wiki zilizofuata vitu vilianza kupotea nyumbani kwa mama. Sufuria kwanza. Redio. Kabati likasimama bila mlango. Alikuwa akivitoa kimoja kimoja na kuvisukuma uvunguni mwa kitanda, na nilipomletea sufuria mpya aliniambia niiweke pale, na siku niliyorudi ilikuwa pale pale, imefungwa kwenye karatasi yake ya dukani. Aliniita kwa jina langu, si mwanangu tena. Mjomba alijaribu kusema naye. Nadhani alijaribu kwa dhati, maana aliacha kuja.

Gari nililitia bushi mpya. Sijui kwa nini. Nilipomaliza, chai yangu ilikuwa bado ya moto. Baadaye tuliliuza kwa vipande, na giaboksi nikaipasua mwenyewe kwa nyundo nyuma ya gereji. Shoti alisimama mlangoni ili watu wasipite.

Wifi aliondoka bila kuaga ukoo. Mimi nilimsindikiza kituoni na cherehani yake. Hapakuwa na aliyemwomba radhi. Hata mshona viatu, nilipomweleza, alisema, "Lakini mimi niliona mikono yake," na alikuwa kweli ameiona. Wapo mpaka leo wanaosimulia kwamba ni mke. Ni hadithi nyepesi kuibeba kuliko ya waya na mpira.

Ilipita miaka kabla sijaenda kumwona. Anaishi mji mwingine, kwenye chumba kimoja na ukumbi mdogo, anashona sare za wanafunzi. Hajaolewa tena, na sikumuuliza. Bado aliniita wifi. Alinipa chai, akatazama pindo la nguo yangu kwa mazoea, akaridhika. Tulizungumza juu ya bei ya vitambaa, na meno, na jirani yake mwenye kuku wasiolala. Nilipokuwa naondoka alinishika kiwiko.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nisalimie."

Nilijiuliza njia nzima kama nizifikishe salamu hizo. Mama alikuwa amezeeka sana kwa wakati huo. Nilikuwa nimehamia kwake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuhamia. Tulikuwa tunaishi kwa adabu, kama wapangaji. Nilimkuta amejilaza, uso ukutani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikavua viatu.

"Nilikuwa kwa wifi," nilisema. "Anakusalimia."

Nilisikia anavyopumua. Nikadhani amelala, nikasimama niende kupika.

"Amekonda?" aliuliza mama.

"Kidogo."

Mkono wake ulikuwa ukilivuta shuka, ukilinyoosha mahali palipokuwa pameshanyooka.

"Hakuwa mlaji tangu mwanzo," alisema. "Lazima umkalie karibu."